Njia za Kihausa katika riwaya ya Shaihu Umar

Kihausa, lugha ya jamii ya Kichadi, kina makao yake kaskazini mwa Nijeria na kusini mwa Nijeri. Husikika vilevile Ghana, Kameruni, Chadi na Sudani, kilikopelekwa na wafanyabiashara, wanavyuoni na mahujaji. Uenezi huo kwa kawaida husifiwa kuwa ni tunda la biashara. Riwaya fupi ya Shaihu Umar, iliyotungwa na Abubakar Tafawa Balewa, yakumbusha kwamba katika misafara hiyo walikuwamo pia watumwa.

Kazi hii ilitokana na shindano la uandishi la mwaka 1933 lililosimamiwa na Rupert East. Mtungaji wake alikuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Nijeria. Umar aibwa angali mtoto, afikishwa Kano, kisha Mwarabu Abdulkarim avuka naye jangwa hadi Misri. Huko apata elimu ya dini na heshima. Mama yake, katika kumtafuta, atiwa utumwani. Waonana mwishowe, naye afariki bila kukawia.

Nguvu ya riwaya imo katika muundo wa safari hizo mbili. Pasipo hotuba yoyote, msomaji aona kwamba njia ileile iliyompa mwana elimu ndiyo iliyomnyang'anya mama uhuru wake.

Hata hivyo, subira ya Umar imezidi kipimo. Hamlaumu yeyote, utumwa waonekana kuwa mtihani wa Mungu, wala si kazi ya wanadamu waliopata faida. Tena, baba yake wa kambo mwenyewe alitumwa na mtawala kwenda kuteka watu. Machozi yote yatolewa kwa mama mmoja. Mateka wale hawana hadithi yao.

Suala hili lawahusu pia wasomaji wa Kiswahili. Lugha yao iliingia mashariki ya Kongo pamoja na misafara ya pembe na watumwa, na Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili akiwa ndiye mwenye msafara. Balewa, pamoja na kasoro zake, alimpa neno mtoto aliyeibwa. Fasihi inayojivunia upana wa lugha yake haina budi kuwauliza pia waliobebeshwa mizigo njiani.