Posa ya Maneno 250

Mwalimu wangu alikuwa akihesabu maneno kwa kidole. Kompyuta ilikuwa pale pale mezani na ingemhesabia kufumba na kufumbua, lakini yeye aliandika kwa penseli nyuma ya madaftari ya mitihani yaliyobaki, kisha akapitisha kidole cha shahada juu ya mistari, na kila akifika kumi akatia alama pembeni. Alama zikitimia 25, penseli inalala. Neno la 251 lilikuwa halina kwao.

Alikuwa akiandika ikisiri ya kongamano. Watu wa anthropolojia wanaijua kazi hiyo, na wengi wao wanaichukia. Kwao ni fomu ya kujazwa usiku wa tarehe ya mwisho, mtandao unasuasua na chai imepoa. Mwalimu aliichukulia kama barua ya posa. Barua ya posa haielezi ndoa. Inasema sisi ni akina nani, tumeona nini kwenu na tunaomba nini, basi. Inasomwa na wazee wasiokujua, pengine wenye haraka, pengine wanaotafuta sababu tu ya kukukatalia. Tena inaahidi kitu ambacho bado hakipo. Chama cha wanaanthropolojia cha Marekani, kilichoundwa 1902, hukutana Novemba, lakini mapendekezo yanatakiwa miezi mingi kabla. Wakati huo makala yenyewe ingali kwenye daftari la utafitini, ina mchanga na madoa ya mafuta. Unataja mahari hujaikusanya.

Ikisiri yangu ya kwanza nilimpelekea nikiwa na uhakika wa kusifiwa. Ilianza kwa kusema kwamba katika zama hizi za utandawazi jamii za pwani zinapitia mabadiliko makubwa. Aliisoma, akavua miwani.

"Haya kule Kunduchi umeambiwa na nani?"

"Hakuna aliyeniambia, Mwalimu."

"Sasa uliyoambiwa yako wapi?"

Nikamsimulia. Ngalawa hurudi asubuhi, na kabla samaki hawajafika mnadani, kabla gharama hazijatolewa na fungu la chombo kutengwa na la wavuvi, kuna kitoweo. Waliosaidia kukivuta chombo pwani hupata samaki mmoja wawili wa kupeleka nyumbani. Asubuhi moja nilimwona mzee ambaye hakusukuma kitu. Nguvu hana. Alikuja taratibu, akaweka mkono juu ya ubavu wa ngalawa, akatembea nayo hatua chache hadi iliposimama. Akapewa kitoweo chake na hakuna aliyeguna. Kijana mmoja wa kuja, aliyesukuma kwa kifua mpaka jasho likamtoka, aliondoka mikono mitupu, na hapo pia hakuna aliyeguna.

Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akaufuta utandawazi wote kwa mstari mmoja wa penseli. Ikisiri ikaanza na mkono wa yule mzee. Baada ya mkono likaja swali: kitoweo ni ujira wa nini, kama si wa kusukuma? Baada ya swali, mabishano: nani ameandika kabla yangu kwamba mgawo wa pwani ni hesabu ya jasho tu, na kwa nini simkubali. Neno "nitachunguza" alilikata kila lilipotokea. "Utachunguza nini tena? Si umesharudi?" Mwishoni hakutaka nimalize kwa kutangaza umuhimu wa utafiti wangu. Hiyo, alisema, ni kazi ya upande wa mwanamke.

Kwenye kuita jopo ndiko alikokuwa fundi hasa. Chama cha wanaanthropolojia wa Ulaya, kilichoanzishwa 1989, hutaka jopo lipendekezwe kwanza, na makala zije baadaye kuomba kuingia humo. Juu ya ikisiri ndefu hutaka na fupi, isiyozidi herufi 300, nafasi zikihesabiwa. Wenzake walilalamika. Yeye aliifurahia mno, akasema watu waliolelewa na shairi la mizani 16 kwa mshororo hawawezi kuogopa kipimo. Na katika kuteua wasemaji, kila mmoja na dakika zake 15, daima alimtafuta mmoja atakayembishia. Jopo la wanaokubaliana, kwake, lilikuwa hitima isiyo na ubwabwa.

Sisemi zamani kila kitu kilikuwa chema. Taaluma hii ilitujia na wakoloni, na kwa muda mrefu sisi tulikuwa wa kuandikwa. Lakini hata humo walikuwepo walioingia kwa adabu ya kazi: sura za kitabu cha Jomo Kenyatta kilichotoka 1938 zilianzia kama makala za kusomwa mbele ya semina ya mwanaanthropolojia Malinowski, London, na wenzake wakazijadili. Makerere, miaka ya 1950, makala za makongamano zilichapwa kwa stensili. Aliyekosea neno kwenye stensili alijuta, kwa hiyo alifikiri kabla ya kupiga.

Mwaka huu mwita jopo nilikuwa mimi. Ikisiri zilikuja nyingi, zimenyooka kama kanzu ya Idi, sauti ni moja, na nyingi kati yake nina hakika hazikuandikwa na mtu. Zilikuwa na makutano ya hiki na kile, zilikuwa na mitazamo mipya. Mahali hapakuwepo. Hata mtu mmoja mwenye mkono hakuwemo. Moja ilikuwa bado na jina la kongamano jingine juu yake. Tuliowakubali, wawili hawakutokea na hawakutuma hata salamu, tukabaki tunatazama viti.

Mwalimu naye kuna jopo hakulifika. Viza ilichelewa, kama inavyowachelewa wengi wa kwetu ambao ikisiri zao zimekubaliwa na tiketi zimeshakatwa. Aliketi usiku kucha akiipunguza makala iingie kwenye dakika 15 za mdomo wa mtu mwingine, akaweka alama za kupumua pembeni, akaituma. Mwenyekiti aliisoma neno kwa neno. Mwalimu alikuwa ameahidi, basi.

Sasa ni marehemu. Yale madaftari ya mitihani alinigawia mwenyewe, na ikisiri ya Kunduchi imo, na alama zake 25 pembeni.

Wito wetu wa mwakani utatoka karibuni. Vijana mtakaoniletea, nawaomba: niandikieni ilikuwa asubuhi gani, pwani ipi, na samaki alipewa nani.