Hemedi na Abdul Karim: Tenzi Mbili za Vita vya Wadachi

Mtahiniwa wa fasihi anapoambiwa alinganishe watunzi wawili, mara nyingi huanza kwa kuhesabu: mizani nane huku, mizani nane kule, kina cha kati na kina cha bahari. Akimaliza hesabu hutoa hukumu, kwamba huyu alikuwa mzalendo na yule kibaraka wa wageni. Njia hiyo haifai kitu kwa Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy na Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini. Kwa umbo ni ndugu wa tumbo moja. Hata katika kuchapishwa vilifuatana, maana Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilitoa wa kwanza mwaka 1955 na wa pili mwaka 1957, ingawa huo wa Abdul Karim ulikwisha pigwa chapa Berlin mwaka 1933. Tofauti haimo katika mizani. Imo katika neno dogo ambalo watahiniwa hulipita bila kulitazama, nalo ni neno "sisi".

"Sisi" ya Hemedi ni watu wa Mrima. Kisa chake chatoka katika mambo ya mwaka 1888, pale Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo, alipoitweza bendera ya Sultani mjini Pangani, na vita vikazuka hata Bushiri bin Salim akanyongwa mwezi wa Desemba 1889. Kwa Hemedi kilichopotea ni dola, pamoja na heshima ya wakubwa, adabu ya mji na hadhi ya dini. Huzuni yake ni ya mwenye nyumba aliyetolewa nje. Kwa ajili hiyo husimulia kwa ufundi mkubwa: watu wake husema kwa vinywa vyao wenyewe, hushauriana na kubishana, na msomaji husahau kwamba anasoma habari ambayo mwisho wake anaujua.

Abdul Karim hakuwa na dola ya kulilia. Vita vya Maji Maji vilipozuka katika milima ya Umatumbi mwezi wa Julai 1905, bendera ya Wadachi ilikuwa imekwisha kaa miaka mingi juu ya boma la Lindi, na kodi ilikuwa imekwisha zoeleka kwa uchungu wake. Yeye atazama vita kutoka mjini, na wanaopigana kwake ni "wao", watu wa bara. Sauti yake ni baridi kuliko ya mwenziwe. Wako wasemao kwamba ubaridi huo ni hofu, kwa kuwa mtunzi alikuwa chini ya serikali iliyoshinda. Lakini Hemedi naye alikuwa chini ya serikali hiyohiyo, na hofu haikumzuia kulia. Yapasa sababu nyingine itafutwe.

Sababu hiyo huonekana wazi katika habari ya dawa, ambayo tenzi zote mbili zinayo. Hemedi mwenyewe alikuwa mtu wa elimu ya dini na ya uganga wa kitabu. Kwake kinga inayotoka katika maandishi ni ilimu, na vita vikishindwa, ni kadari ya Mungu. Lakini maji yaliyotoka Ngarambe kwa Kinjikitile, yaliyosemwa kwamba yatageuza risasi kuwa maji, hayakuandikwa popote. Basi kwa mwanachuoni wa Lindi ni udanganyifu, na waliodanganyika ni wajinga. Watu wawili wa pwani, wa dini moja na malezi mamoja, wamelipima tumaini la aina moja kwa mizani mbili. Wala Abdul Karim hakuwa kibaraka kwa hilo, maana ukali wa adhabu ya Wadachi haufichi. Alikuwa mtu wa mji aliyewatazama jirani zake kwa macho ya mji.

Hapo ndipo mwanafunzi wa Masasi au wa Newala anapopata shida ambayo mwenziwe wa Tanga haipati. Katika tenzi zote mbili yeye ni "wao". Tena hao "wao" si kundi moja. Masasi ilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere, yuleyule mwanachuoni wa Kiswahili, pamoja na watumwa waliokombolewa. Ikavamiwa na Wangoni mwaka 1882, na mwaka 1905 misheni yake ikachomwa moto na wapiganaji wa Maji Maji. Ndanda, wanakosoma wengi wa watahiniwa hao, ilianza mwaka 1906, baada ya vituo vya Wabenedikti vya Lukuledi na Nyangao kuteketea katika vita hivyohivyo. Juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala, watu wengi hawakuingia vitani kabisa. Kwa hiyo yumkini katika darasa moja wameketi mjukuu wa aliyechoma, mjukuu wa aliyekimbia moto, na mjukuu wa aliyebaki mlimani akiutazama moshi. "Wao" ya Abdul Karim yawafunika wote watatu kwa shuka moja, na huo ndio upungufu mkubwa wa utenzi wake, mkubwa kuliko kosa lolote la kina.

Mtahiniwa anayetaka kusema hivyo asiseme kwa hasira tupu. Na aonyeshe ushahidi. Upo. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kusini kuandika maneno ya wazee, na katika masimulizi hayo maji ni kiapo kilichowafunga watu wa makabila mbalimbali waliokuwa hawajapata kuwa na jambo moja. Mwaka uliofuata, 1969, ikatoka tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile. Mwandishi huyo naye ni mtu wa pwani ya kusini, na maji hakuyaamini zaidi ya alivyoyaamini Abdul Karim. Ila aliuliza kwa nini watu wenye akili zao waliyanywa.