Kwa Nini Probox Huchemka Bomet

Katika vilima vya majani chai vya Bomet, Probox ndiyo matatu, ndiyo gari la maziwa, na usiku mgonjwa akizidiwa ndiyo ambulensi. Toyota iliitoa mwaka 2002 ichukue nafasi ya Corolla ya mizigo. Huko Japani iliruhusiwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu 2, au kilo 250 ikiwa na watu 5. Huku utaona watu 9 ndani na magunia juu. Ndiyo maana shokamzoba huvuja, springi hulala na beringi za nyuma huanza kuvuma. Huo ni mzigo tu, na kila dereva anajua. Kuchemka ndiko kunakoniuma, kwa sababu kunaua injini nzuri na mara nyingi hutibiwa kinyume.

Chukua gari moja lililofikishwa gereji pale Silibwet. Thamostati ilikuwa imeshatolewa na kutupwa. Gasketi ya hedi ilikuwa imeshabadilishwa, kwa gharama kubwa. Bado lilichemka kila lilipopanda mlima na abiria. Fundi aliyelipokea hakugusa spana. Aliacha injini ipoe kabisa, akafungua kifuniko cha rejeta na kukigeuza kwenye mwanga. Mpira wake wa ndani ulikuwa umekauka na kupasuka ukingoni, na springi yake ilibonyea kwa kidole bila ukaidi wowote. Akaubonyeza pia mpira mkubwa wa juu wa rejeta: ulikuwa umesinyaa, maana kifuniko kilikuwa kimeshindwa kurudisha maji kutoka kwenye chupa ya akiba injini ilipopoa.

Mji wa Bomet uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na maji ya kawaida huchemka yakifika kama digrii 93, wala si 100 kama Mombasa. Injini ya Probox ya sisi 1,500, ile ile iliyomo kwenye baadhi ya Vitz, hufanya kazi vizuri ikiwa karibu na joto hilo hilo. Kinachozuia maji yasichemke ni presha inayofungiwa na kifuniko. Kifuniko kizima, chenye nambari 0.9 au 1.1 juu yake, husukuma kiwango cha kuchemka hadi kupita digrii 110. Kikifa, gari linaloweza kuvumilia Mombasa litatoa mvuke kwenye kilima cha kwanza huku kwetu, na lawama itaangushiwa hedi.

Kutoa thamostati kumekuwa mazoea ya gereji nyingi, nami napinga kabisa. Kifaa hicho hufunguka kwenye digrii 82 hivi. Bila yake, asubuhi za ukungu injini huchelewa kupata joto, kompyuta huzidisha petroli na oili huchafuka mapema. Kosa jingine ni maji ya mtoni. Bloku na hedi ni za aluminiamu. Maji yasiyo na kulanti huzila taratibu na kuacha magamba yanayoziba mirija myembamba ya rejeta.

Fundi yule alifunga kifuniko kipya chenye nambari sahihi, akapampu presha kwenye rejeta na kutazama geji. Mshale haukushuka, kwa hiyo hapakuwa na uvujaji. Aliwasha injini, akatafuta mapovu ndani ya rejeta, dalili ya gasketi iliyoungua. Hayakuwepo. Kisha akaosha tope lililokuwa limekaukia kati ya kondensa ya AC na rejeta, akielekeza maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini ili mapezi yasilale. Tope la barabara za murram huziba hapo kimya kimya, feni ikazunguka bure. Mwisho alirudisha thamostati mpya na kujaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Gari likapanda mlima likiwa limejaa, bila mvuke.

Kifuniko kipya ni kitu cha bei ndogo sana ukikilinganisha na kuchonga hedi iliyopinda. Dereva mwenzangu, fundi akikuambia lazima hedi ifunguliwe, mwombe kwanza akuonyeshe kifuniko na apime presha mbele yako, injini ikiwa imepoa.