Kijembe cha Harlem: Filamu ya "Paris Is Burning" na Asili ya Misimu

Katika kazi za misimu ambazo wanafunzi wetu hutuletea, maneno kama "shade", "slay" na "tea" hupewa asili moja tu: mtandao. Wengine huandika "lugha ya kizazi kipya" na kuishia hapo. Jibu hilo halitoshi. Mtandao hulisafirisha neno, haulizai. Ndiyo maana tumeona vema kuijadili filamu moja ambayo, ijapokuwa haikutengenezwa na mwanaisimu, ni ushahidi mzuri sana wa jambo hili.

"Paris Is Burning" iliongozwa na Jennie Livingston, ikatolewa mwaka 1990. Ilipigwa jijini New York katika miaka ya 1980, na inaonyesha mashindano ya mavazi, mwendo na dansi yaliyoandaliwa Harlem na wapenzi wa jinsia moja pamoja na watu waliobadili jinsia, wengi wao Weusi na wengine wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Washindani walijikusanya katika makundi yaitwayo "nyumba", kila moja na "mama" au "baba" wake, kwa kuwa wengi walikuwa wamekataliwa na wazazi waliowazaa.

Sehemu yenye manufaa zaidi kwetu ni pale Dorian Corey, mkongwe wa mashindano hayo, anapoketi akijipamba huku akifafanua istilahi. Anaanza na "reading", kisha anaonyesha jinsi "shade" ilivyozaliwa humo. Ni ufafanuzi ambao mtunzi wa kamusi angeuonea wivu. Hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili anapopata kazi. Mwanafunzi akitafsiri la kwanza kuwa "kumsoma mtu" atapotea, kwani kwetu kumsoma mtu ni kumchunguza au kumwelewa. Neno linalokaribia ni "kusuta": kumtolea mtu aibu zake waziwazi, mbele ya mashahidi. "Shade" nayo si kivuli, ni kijembe. Msemaji hatamki tusi. Mlengwa analitamka mwenyewe moyoni, na akilalamika ataulizwa nani kamtaja. Aliyewahi kusikia mipasho ya taarabu, au kuona jirani akijifunga kanga yenye jina la kuchoma siku ya ugomvi, hahitaji maelezo zaidi. Hatusemi kwamba Harlem walijifunza kwa Waswahili. Tunasema kwamba watu wasioweza kupigana kwa ngumi wala kwa sheria huunoa ulimi.

Hata hivyo, filamu ina upungufu. Mtazamaji asiye makini ataondoka akidhani kila neno lilizaliwa ukumbini humo. Sivyo. Claudia Mitchell-Kernan alikwisha kuandika mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuhusu sanaa ya mafumbo na kejeli miongoni mwa Wamarekani Weusi kwa jumla, na wanamashindano hawa walichota katika kisima hicho hicho cha mama na dada zao. Walichofanya ni kuyanoa maneno na kuyapa maana mahususi. bell hooks naye aliikosoa filamu mwaka 1992 kwa jinsi mwongozaji Mzungu alivyojificha nyuma ya kamera, na baadhi ya walioonekana ndani yake walidai walipwe zaidi ilipopata mafanikio. Mwaka huo huo wa 1990 Madonna aliuza duniani kote wimbo uliobeba jina la dansi yao. Kamusi ya Merriam-Webster iliingiza msemo wa kurusha "shade" mwaka 2017. Corey alikuwa amefariki tangu 1993.

Safari ya "slay" inatuhusu zaidi. Kitenzi hiki cha Kiingereza, ambacho maana yake ya zamani ni kuua, kilikuwa sifa kwa aliyependeza hadi kuwashinda wote. Kilipofika Kampala, Nairobi na Dar es Salaam kikashikana na neno "queen", na leo "slay queen" ni kejeli kwa msichana anayedhaniwa kuishi kwa fedha za wanaume. Pongezi ya watu waliodharauliwa imegeuka fimbo ya kuwadharau wengine. Hiyo ni mada kamili ya tasnifu ya isimujamii, lakini haiandikiki iwapo mtafiti anaona haya kutaja neno lilikotoka.

Tunajua haya hiyo inatokana na nini katika vyuo vya ukanda wetu. Lakini tukumbuke kwamba hata "shoga", ambalo wanafunzi huguna likitajwa darasani, pwani ni neno la mapenzi baina ya wanawake marafiki, na kamusi zetu zimelihifadhi kwa maana hiyo. Kwa darasa la mwaka wa pili tungeanza na dakika chache za Corey pekee. Filamu nzima ingoje mwaka wa tatu, na mwalimu awaandae wanafunzi mapema: Venus Xtravaganza, mmoja wa vijana wanaozungumza humo kwa matumaini makubwa, aliuawa mwaka 1988 kabla kazi haijakamilika, na habari hiyo hutolewa ndani ya filamu yenyewe na "mama" wa nyumba yake.