Kuhukumu Cheti cha Tanzanaiti

Anayenunua tanzanaiti mjini Arusha hununua vitu viwili kwa pamoja, jiwe lenyewe na karatasi inayolisemea; na kwa kuwa wengi wetu hatuna jicho la sonara wala vyombo vya mpimaji, aghalabu karatasi ndiyo inayoamua bei. Hapana wasiwasi mkubwa endapo cheti kimetoka katika maabara ambayo sifa yake imejaribiwa kwa miaka mingi, kama ile ya GIA ya Marekani. Lakini vipo vyeti vya nyumba ndogo za upimaji ambazo hata dalali anayevitembeza hawezi kueleza habari zake. Kuvikataa vyote kwa sababu ya uchanga wa jina ni dhuluma, maana mpimaji hodari huweza kufanya kazi katika chumba kimoja, na kuvikubali kwa sababu ya muhuri unaong'aa ni kujitia hasarani. Nashauri msomaji aanze na yale ambayo cheti kimejifunga nayo kwa hesabu, ndipo aende kwenye yale kiliyoyasema kwa rai.

Hesabu haihitaji maabara. Cheti cha haki hutaja uzito kwa karati hadi tarakimu mbili baada ya nukta, na vipimo vitatu vya jiwe kwa milimita. Tuseme kimeandika jiwe la umbo la yai, urefu 10.0, upana 8.0, kina 5.5, uzito karati 4.10. Chukua wastani wa urefu na upana, ambao ni 9. Uzidishe kwa wenyewe upate 81. Zidisha kwa kina, kisha kwa 3.35, ambao ndio uzito mahsusi wa tanzanaiti, kisha kwa 0.0020. Jibu ni karati 3 au pungufu kidogo, na hata ukingo wa jiwe ukiwa mnene sana hauwezi kuongeza karati nzima na zaidi. Basi ama jiwe silo, ama vipimo vilinakiliwa kutoka cheti kingine, ama mpimaji hakupima. Na katika hali zote tatu hapana haja ya kuisoma karatasi hiyo hadi mwisho.

Baada ya uzito ni utambulisho. Tanzanaiti hupinda nuru kwa kiwango cha 1.69 hadi 1.70, na forsteriti ya kutengenezwa, ambayo huigizwa kwayo, haifiki hapo. Nyumba inayoandika namba hiyo imekubali kusahihishwa na yeyote mwenye refraktometa. Inayoandika tu kwamba jiwe ni halisi imejiwekea mlango wa kutokea.

Jambo la moto lataka uangalifu zaidi. Karibu tanzanaiti yote iliyokatwa imechomwa, na uchomaji huo ni desturi inayokubalika ulimwenguni. Mawe ghafi mengi hutoka ardhini Mererani yakiwa na ukahawia, na moto ndio unaouondoa. Jiwe ambalo halijachomwa huonyesha rangi tatu likigeuzwa pande zake: buluu, urujuani, na ya tatu ya kahawia au kijani iliyochanganyika na manjano, ambayo baada ya moto kwa kawaida hutoweka. Kwa hiyo cheti kinachodai kwamba jiwe la buluu safi halikuguswa na moto, bila kueleza dai hilo limesimama juu ya nini, kimesema zaidi ya kilivyoweza kujua. Tena kitazame kama kinataja kupakwa rangi: mwaka 2008 maabara za Marekani zilitangaza kuonekana kwa tanzanaiti zilizopakwa utando wenye kobalti, na nyumba isiyochunguza kingo za jiwe kwa darubini haiwezi kuugundua.

Sasa tufike kwenye daraja, ambapo khiyana hupata nafasi pana kuliko kwingineko. Wakusanyaji wa sarafu wa Marekani wanacho kipimo kimoja, cha 1 hadi 70, kilichotungwa na William Sheldon mwaka 1949, na hata hivyo nyumba zao za kupima hutofautiana katika kukitumia. Tanzanaiti haina kipimo kama hicho. Herufi za AAA na AAAA hazina mwenyewe; kila duka huzigawa lipendavyo, na GIA haizitoi kabisa. Kwa hiyo herufi ikisimama peke yake ni maneno ya muuzaji yaliyovaa joho la maabara. Daraja lenye maana huambatana na maelezo: je, buluu ndiyo iliyotawala au urujuani? Rangi imekolea kiasi gani? Na zaidi ya yote, ilitazamwa katika nuru gani? Jiwe lile lile huegemea buluu katika mwanga wa mchana na urujuani chini ya taa ya balbu, na katika mji huu, ambapo mawingu ya Mlima Meru hufunga na kufunguka mara kwa mara, hubadilika hata ukiwa umelishika dirishani. Mpimaji asiyetaja nuru hakupima rangi, ameitaja tu.

Uliza pia nyumba hiyo inakula kwa nani. Ikiwa mwenye maabara ndiye mwenye duka, au cheti kimebeba bei iliyo mara kadhaa ya ile unayotakiwa kulipa, hiyo si shahada tena. Mfanyabiashara anayenunua mara kwa mara na afanye jaribio lililo bora kuliko yote: apeleke jiwe moja kwa nyumba moja mara mbili, kwa mikono ya watu wawili tofauti, alinganishe majibu. Serikali ilikamilisha mwaka 2018 ukuta wa kilometa 24.5 kuzunguka machimbo ya Mererani ili jiwe lisitoroshwe. Maneno yanayosemwa juu ya jiwe hilo likishafika sokoni bado hulindwa na mnunuzi mwenyewe. Arusha ina Kituo cha Jemolojia Tanzania, na wapo masonara wenye mizani na lenzi. Muuzaji akikataa jiwe lipimwe na mtu wa pili kabla ya malipo, mrudishie jiwe lake pamoja na cheti chake.