Kuamini Bila Kuona: Kisa cha Tomaso na Tamthilia ya Nitaolewa Nikipenda

Utangulizi

Maudhui ya imani ya Kikristo huwapotosha watahiniwa wengi wa fasihi. Mtahiniwa anapoulizwa ajadili suala la dini katika kazi fulani, mara nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama huhubiri, akaacha kitabu na kuanza kumweleza mtahini njia ya wokovu. Ama hukata shauri kwa sentensi moja kwamba mwandishi anapinga dini, kisha akakimbilia hoja nyingine. Yote mawili hayampi alama. Kubwa zaidi, yote mawili humnyima nafasi ya kuielewa kazi aliyoisoma.

Naandika makala haya nikiwa na deni. Miaka kadhaa iliyopita nilisoma na darasa la kidato cha tatu tamthilia ya Nitaolewa Nikipenda. Mimi ni Mkristo, na tamthilia hiyo ilinikera. Msichana mmoja aliandika katika insha yake kwamba kosa la Kiguunda si kuamini, bali ni kuamini bila kumtazama vizuri anayemtaka aamini. Nilimkata alama, nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba imani haihitaji kuona, na kwamba aende akasome Yohana 20. Baadaye niliisoma sura hiyo mwenyewe jinsi ninavyowataka wanafunzi wasome kitabu teule, yaani polepole na bila kuongeza lisiloandikwa. Nikagundua kwamba yule msichana alikuwa amesoma vitabu vyote viwili kunishinda.

Lengo la makala haya basi ni kuonyesha kwamba kuna aina mbili za kuamini bila kuona, na kwamba tamthilia hii inashambulia moja tu kati ya hizo.

Neno "imani"

Hebu tuanze na lugha. Katika Kiswahili, neno imani lina maana zaidi ya moja. Maana ya kwanza ni kusadiki jambo. Maana ya pili ni huruma: mtu huingiwa na imani anapomwona mwenzake akiteseka, na mkatili huambiwa hana imani. Msemaji wa Kiswahili anaweza kumwuliza mtu anayesali mchana kutwa, "Wewe huna imani?" na asijikanganye hata kidogo. Mhakiki aliye macho hutumia maana zote mbili anapowapima wahusika: je, mhusika huyu anasadiki nini, na anamwonea nani huruma? Katika kazi nyingi za fasihi yetu, swali la pili ndilo linalojibu la kwanza.

Tomaso alitaka nini?

Kisa cha Tomaso kinapatikana katika Injili ya Yohana, sura ya 20, kuanzia aya ya 24 hadi ya 29. Yesu amefufuka na kuwatokea wanafunzi wake wakiwa ndani, milango imefungwa kwa hofu. Tomaso hayupo. Wenzake wanapomsimulia, anakataa kusadiki mpaka aone alama za misumari na kuzigusa kwa kidole chake, na kutia mkono wake ubavuni. Baada ya siku nane, Yesu anarudi, Tomaso akiwapo, na kumwalika afanye vile vile alivyotaka. Tomaso anakiri kwamba huyu ni Bwana wake na Mungu wake. Hapo ndipo Yesu anaposema kwamba wana heri wale wanaosadiki pasipo kuona.

Nimewauliza wanafunzi mara nyingi: Tomaso alifanya nini alipoalikwa aguse? Karibu wote hujibu kwamba alitia kidole katika jeraha. Matini hayasemi hivyo. Yanasimulia mwaliko, kisha jibu la Tomaso. Kama aligusa, msimulizi hakutuambia. Hili ni funzo la kwanza kwa mtahiniwa: tunaweza kukisikia kisa tangu utotoni na bado tukawa hatujakisoma.

Jambo la pili ni usawiri. Tumezoea kumwita Tomaso mwenye shaka, kana kwamba hiyo ndiyo sifa yake pekee. Lakini katika sura ya 11 ya Injili hiyo hiyo, Yesu anapotaka kurudi Uyahudi kwenye hatari, ni Tomaso anayewahimiza wenzake waende wakafe pamoja naye. Katika sura ya 14, ni yeye anayesema wazi kwamba hawaijui njia. Basi Tomaso ni jasiri na mkweli. Hajifanyi anaelewa asichokielewa. Aidha, wenzake hawakumzidi sana. Aya ya 20 inaeleza kwamba wao pia walionyeshwa mikono na ubavu kabla ya kufurahi. Tomaso aliomba tu kile ambacho wengine walikuwa wamekwisha kupewa.

La tatu, nalo ndilo kubwa, ni aina ya ushahidi unaotolewa. Aliyefufuka haji na taji wala majeshi. Anakuja na makovu. Hamkemei Tomaso kwa kutaka kuona kabla ya kumwonyesha, anamwonyesha kwanza. Heri inayotajwa mwishoni haikusudiwi kuwanyamazisha wanaouliza. Inawahusu wasomaji wa baadaye, ambao hawakuwapo chumbani. Ndiyo maana aya mbili zinazofuata zinaeleza kwamba mambo haya yameandikwa ili msomaji apate kuamini. Kwa hivyo, hata anayeamini bila kuona hapewi giza tupu: anapewa ushuhuda, na ushuhuda wenyewe ni wa yule aliyejeruhiwa kwa ajili ya wengine.

Mgeni asiyeonekana nyumbani kwa Kioi

Sasa tugeukie tamthilia. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliiandika kwa Kikuyu kwa jina Ngaahika Ndeenda, nayo ikaigizwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka wa 1977. Serikali iliyapiga marufuku maonyesho hayo mwezi Novemba mwaka huo huo, na kufikia mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini. Kazi inayosemwa kwamba inapinga Mungu ilizimwa na wenye mamlaka ya dunia hii. Hilo peke yake lingetosha kumfanya mhakiki asite kabla ya kutoa hukumu.

Kiguunda ni kibarua katika shamba la Ahab Kioi wa Kanoru, tajiri na mshika dini. Mali yake ya pekee ni ekari moja na nusu, na hati ya shamba hilo ameitundika ukutani. Kioi na mkewe Jezebel wanamtembelea pamoja na wenzao, wanaomba, kisha wanamwambia kwamba yeye na mkewe Wangeci wanaishi katika dhambi kwa kuwa hawakufunga ndoa kanisani. Kiguunda anakasirika na kuwafukuza kwa upanga. Baadaye anabadili nia. Kwa nini? Si kwa sababu ameguswa na Injili. Yeye na Wangeci wanadhani kwamba harusi ya kanisani itafungua njia ya binti yao Gathoni kuolewa na John Muhuuni, mwana wa Kioi. Hati inatolewa kuwa dhamana ya mkopo wa benki ili harusi igharimiwe.

Mtahiniwa azingatie hapa: Kiguunda anamwamini nani? Hajamwamini Mungu asiyemwona; amemwamini Kioi ambaye anamwona kila siku, ila hamtazami. Hiki ndicho kiini cha kinaya katika tamthilia nzima.

Waandishi wameijenga hoja hii kwa vifaa vya jukwaani. Ukutani kwa Kioi kuna ubao wenye maneno ya kumtaja Kristo kuwa kichwa cha nyumba, mgeni asiyeonekana mezani na msikilizaji wa kila mazungumzo. Katika nyumba yenye ubao huo ndimo maskini anamoingizwa katika deni. Kiguunda akishachukua mkopo, nyumba yake inajazwa meza, viti na vyombo vipya, na ubao kama ule unatundikwa kwake pia. Kwa upande mmoja kuna hati, ambayo ni ardhi, jasho na urithi. Kwa upande mwingine kuna ubao, ambao ni maneno tu kwa sababu aliyeuleta hayaishi. Mgeni asiyeonekana ametumiwa kuficha mwizi anayeonekana.

Mbinu ya majazi inaikamilisha hoja. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, mfalme Ahabu analitamani shamba la mizabibu la Nabothi. Nabothi anakataa kuuza urithi wa baba zake, na Yezebeli anapanga mashahidi wa uongo hadi Nabothi anapigwa mawe na kufa. Kumpa tajiri jina la Ahab na mkewe jina la Jezebel ni kumwambia msomaji mapema kwamba huyu Kiguunda ni Nabothi mwingine. Tofauti ni kwamba Ahab wa Limuru hahitaji mawe. Anatumia harusi na benki. Ukutani kwake kuna pia picha ya Nebukadneza, mfalme ambaye, kwa mujibu wa Kitabu cha Danieli, alishushwa akaishi kama mnyama kwa sababu ya kiburi. Kioi ametundika hukumu yake mwenyewe, na haioni. Basi ni nani hasa asiyeona katika tamthilia hii?

Waandishi hawamhukumu Kioi kwa kitabu kigeni kwake. Wanamhukumu kwa Biblia anayoishika mkononi. Huwezi kuitumia silaha hiyo vizuri hivyo kama unaidharau. Gicaamba, ambaye ndiye msemaji mkuu wa wafanyakazi, anatofautisha waziwazi dini na Mungu. Shutuma zake ni kali dhidi ya dini iliyoletwa pamoja na bunduki na ambayo humtuliza maskini anaponyang'anywa. Mtahiniwa anaweza kukubaliana naye au asikubaliane, lakini hana ruhusa ya kuifuta tofauti hiyo.

Mwisho wa mambo unajulikana. Gathoni anapata mimba na kutelekezwa na John. Akina Kioi wanakataa ndoa, Kiguunda anafutwa kazi, mkopo unadaiwa, na shamba linapotea. Hapa tulete lile neno letu. Kioi anayo imani kwa maana ya kusali. Kwa maana ya huruma, hana hata chembe. Jeraha la Gathoni hakuna kati yao anayelitazama.

Ulinganisho mfupi

Mwalimu anaweza kuipanua mada hii kwa riwaya ya Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, mwandishi aliyezaliwa Ukerewe na kusomea seminari kabla ya chuo kikuu. Jina la mhusika mkuu ni mojawapo ya majina ya sifa ya Bikira Maria. Rosa analelewa chini ya ukali wa baba yake, Zakaria, anayemlinda kwa fimbo badala ya mapenzi, na maisha yake yanaishia katika kujiua. Mwishoni Kezilahabi anavuka mpaka wa yanayoonekana: baba na binti wanasimamishwa mbele ya Mungu, nao wanabishana nani alaumiwe. Hata huko, kinachochunguzwa ni jinsi mtu alivyomtendea mwenziwe. Jina takatifu halikutosha kumkinga binti, kama ule ubao usivyotosha kumkinga Kiguunda.

Kwa mwalimu na mtahiniwa

Unapokutana na swali au dondoo linalogusa imani, jiulize maswali matatu. Nani anayemtaka mwenzake aamini? Atafaidi nini akiaminiwa? Anaonyesha nini kama ushahidi: makovu yake au mali yake? Katika Injili, anayetaka kuaminiwa amekwisha toa kila kitu na anaonyesha mikono yake. Katika tamthilia, anayetaka kuaminiwa anachukua kila kitu na kuificha mikono yake.

Pia tuseme ukweli kuhusu darasa letu. Watahiniwa wengi siku hizi ndio hasa wanaoamini bila kuona. Wanasoma mwongozo, hawasomi kitabu; wanakariri kwamba mhusika ni mnafiki, wasiweze kutaja hata tendo moja linaloonyesha unafiki huo. Katika maisha ya kiroho, kusadiki bila kuona kunaweza kuwa heri. Katika uhakiki ni hasara. Mhakiki anatakiwa awe Tomaso: asikubali hoja mpaka atie kidole mahali penyewe kitabuni.

Hitimisho

Wahenga walisema mwamini Mungu si mtovu. Kiguunda hakuwa mtovu kwa kumwamini Mungu; alitoka mikono mitupu kwa kumwamini Ahab. Hilo ndilo alilokuwa ameliona mwanafunzi wangu, nami nikamkata alama kwa ajili yake. Nilimtafuta baada ya kumaliza shule, nikamwambia kwamba alikuwa sahihi. Alicheka, akasema alijua. Nawaomba walimu wenzangu tusome majibu ya wanafunzi jinsi tunavyotaka wao wasome vitabu, kwa sababu wakati mwingine anayeona darasani si yule anayeshika kalamu nyekundu.

Maswali ya marudio

1. "Tamthilia ya Nitaolewa Nikipenda haipingi imani, inapinga wanaoifanyia biashara." Jadili.
2. Eleza jinsi waandishi walivyotumia hati ya shamba na ubao wa ukutani kuendeleza maudhui.
3. Fafanua matumizi ya majazi kwa kurejelea Ahab na Jezebel.
4. Linganisha dhana ya ushahidi katika kisa cha Tomaso na katika tamthilia au riwaya yoyote uliyoisoma.