Uoto na Rutuba ya Ardhi ya Maweni: Uhakiki wa Mbinu ya Ulinganisho kwa Mfano wa Kiuyu, Pemba

Mbinu iliyozoeleka katika kuchunguza athari za uoto kwenye virutubisho vya udongo ni ya ulinganisho. Sampuli huchukuliwa chini ya kichaka na katika ardhi tupu iliyo jirani, hupimwa maabara, kisha tofauti inayopatikana huhesabiwa kuwa ni kazi ya uoto. Mbinu hii ni nafuu na huokoa muda. Hata hivyo, ikitumiwa bila tahadhari katika ardhi ya maweni kama ya Kiuyu, kaskazini mashariki mwa Pemba, inaweza kujibu swali ambalo halikuulizwa.

Tatizo la kwanza ni mwelekeo wa sababu. Kiuyu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na udongo wake umejikusanya katika mashimo na nyufa za mawe. Mkulima hafyeki popote. Huchagua mahali, hufyeka, huchoma, hulima kwa misimu michache, kisha huiacha ardhi ipumzike. Penye kichaka leo huenda paliachwa kwa kuwa jembe halipenyi, au pamepumzishwa kwa miaka mingi. Patupu nako huenda palichaguliwa kwa uzuri wake, au pamekwisha kuchoka. Hali hizi nne hazilingani, lakini katika jedwali la matokeo hubaki mbili tu: "penye uoto" na "patupu".

Tatizo la pili ni aina ya udongo. Calton, Tidbury na Walker (1955), katika uchunguzi wao wa udongo wa Zanzibar, walitumia majina ya wenyeji kama vile kichanga, kinongo na kinamo. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwa kuwa majina hayo yamebeba uzoefu wa kulima. Upungufu wake ni kwamba jina hutaja umbile la udongo, halisimulii historia ya shamba. Kwa hiyo vyote viwili vinahitajika. Anayelinganisha kichaka cha kwenye kinongo na uwanja mtupu wa kichanga amepima udongo, hakupima uoto.

Tatizo la tatu limo maabara. Mwamba wa matumbawe ni kalsiamu kaboneti. Sampuli ikichomwa kwa joto kali ili kupima kaboni yote, kaboni ya mwamba huhesabiwa pamoja na ya mboji, isipokuwa kaboneti iondolewe kwanza kwa asidi. Vivyo hivyo kwa fosforasi: kimiminika cha asidi cha Bray na Kurtz (1945) hudhoofishwa na chokaa, ilhali njia ya Olsen na wenzake (1954) inafaa udongo wa namna hiyo. Aidha, majivu ya shamba lililochomwa karibuni huongeza potasiamu kwa muda, hata ardhi tupu ikaonekana tajiri kuliko kichaka. Na kwa kuwa maabara hupima udongo uliochekechwa, mawe yaliyojaa shambani hayaonekani katika hesabu. Kiwango kikubwa katika gramu moja si lazima kiwe akiba kubwa katika eka moja.

Hoja hizi hazibatilishi mbinu ya ulinganisho, zinaiwekea masharti. Jozi za sampuli zitoke katika udongo wa aina moja, umri wa kichaka uulizwe kwa wanaolima hapo, upimaji urudiwe kabla na baada ya masika, na vipande vichache vifuatiliwe kwa miaka kadhaa.

Masharti haya yana uzito nje ya chuo. Matokeo ya namna hii ndiyo yanayoweza kumwambia mkulima wa Kiuyu aache kufyeka, apande mivinje au apumzishe shamba kwa muda mrefu zaidi. Shamba linalopumzishwa halitoi muhogo wala mtama kwa miaka hiyo yote. Ushauri unaomgharimu mtu chakula hauna budi kusimama juu ya kipimo kilichotenganisha kazi ya mmea na kazi ya mwamba.